Chungu, ubongo wake na meno yake

Mwenye hekima wa Kitabu cha Mithali anamtuma mtu mvivu kwenda kwa chungu apate akili (sura ya 6). Fundisho hilo linajulikana na kila katekista. Lakini ndani yake kuna jambo moja ambalo wasomaji wengi hulipita upesi: Mwenye hekima anashangaa kwamba chungu hutumika vizuri namna ile, na huku hana mkubwa wa kumwamuru. Mahali pengi, katika mahubiri na katika masomo ya dini, husikika kinyume chake. Husemwa kwamba siafu wana malkia wao, malkia anaamuru na wote wanatii. Basi na sisi tutii wakubwa wetu namna hiyo.

Nani amesema kweli, Mwenye hekima au mhubiri? Swali hili si la mchezo. Siku hizi vijana wa shule za sekondari za Butembo na Beni wanajifunza biolojia, tena wanasoma katika telefone zao habari za uchunguzi unaofanywa Ulaya na Marekani. Kijana akisikia katika kanisa habari ya mdudu ambayo anajua si ya kweli, ataanza kuwaza kwamba na habari za Mungu ni vivyo hivyo. Tena yuko kijana mwingine anayekwenda mbali zaidi. Amesoma kwamba maji kidogo ya mwili yanageuza ubongo wa chungu, na ubongo ukigeuka mwenendo wake wote unageuka. Naye anauliza: « Padri, kama ni hivyo kwa chungu, roho ya mtu ni kitu gani? »

Kwa sababu hizo mbili tumeona vema kufasiria hapa mambo ambayo wenye elimu wameyavumbua juu ya ubongo wa malkia wa chungu, na juu ya madini yaliyomo ndani ya meno yake. Kisha tutatazama yanatufaa nini sisi tunaofundisha.

I. Siafu wa inchi yetu

Tuanze na wale tunaowajua. Toka bonde la Semuliki mpaka vilima vya Butembo, na katika misitu yote ya chini ya Ruwenzori, hakuna mtu asiyewajua siafu. Wanapita kwa mstari mrefu mweusi, wadogo katikati na wenye vichwa vikubwa kandokando wakifungua meno yao. Wakiingia nyumba usiku, mama anawatoa watoto, baba anafungua kuku na mbuzi wasiuawe, na wote wanangoja inje. Asubuhi wanarudi, na nyumba haina tena mende wala panya.

Wa kwanza kuwachunguza siafu wa Kongo kwa uangalifu mwingi kupita wote alikuwa padri. Ndiye Padri Albert Raignier, Myezwiti wa Ubelgiji. Yeye na mwenzake J. van Boven walitoa mwaka 1955, katika makumbusho ya Tervuren, kitabu kikubwa juu ya siafu hao. Walikadiria kwamba kundi moja la siafu wa aina iitwayo Dorylus wilverthi laweza kufika watu milioni 20, tukiruhusiwa kuwaita watu, na kwamba malkia wao aweza kutaga mayai milioni 3 hata 4 kwa mwezi mmoja. Wote hao ni wana wa mama mmoja.

Huyo mama namna gani? Ni mkubwa kupita chungu wote wanaojulikana duniani, urefu wake ni karibu sentimeta 5, na karibu mwili wote ni tumbo. Hana mabawa. Hana macho. Kundi likihama, yeye haendi mbele akiongoza, bali anakokotwa katikati ya watumishi wanaomfunika pande zote. Njia inachaguliwa na watumishi walio mbele, nao pia ni vipofu: huenda kwa harufu ambayo wenzao wameiacha chini, na kila mmoja anapopita anaiongeza. Hakuna anayetuma habari kwa malkia, wala malkia hatumi habari ya amri kwa mtu. Harufu yake inawajulisha tu kwamba mama yupo.

Na mume wake? Wasomaji wetu wamemwona mara nyingi bila kumjua. Ni yule mdudu mkubwa wa rangi ya kahawia, mwenye mabawa na tumbo nene kama kidole, anayekuja usiku kugonga taa ya nyumba. Huyo ni siafu mwanamume anayetafuta kundi jipya. Siafu wakimkuta wanamkata mabawa na kumpeleka kwa malkia, kisha hakawii kufa. Tusimchanganye na kumbikumbi tunaowala wakati wa mvua: hao ni wa jamaa ya mchwa, na mchwa si chungu hata kidogo. Kwa mchwa mume na mke hukaa pamoja katika chumba kimoja miaka mingi. Kwa chungu mume hufa mara, na mke hubaki mjane maisha yake yote.

Malkia wa siafu akifa, ni nini? Mwaka 2010 Daniel Kronauer na wenzake walitoa habari ya siafu wa mlima Kenya waliopotewa na malkia wao. Watumishi hao hawawezi kumfanya malkia mwingine upesi. Wengine wao walitaga mayai, lakini mayai hayo huzaa wanaume tu. Wengi waliacha makao yao wakajiunga na kundi la jirani ambalo si ndugu zao, nao wakapokelewa. Yatima walipata nyumba kwa wageni: jambo ambalo wenye elimu hawakulitazamia.

II. Ubongo unaopungua

Malkia wa chungu wa aina nyingine nyingi huanza maisha kwa namna isiyo ile ya siafu. Akiwa kijana ana mabawa na macho mazuri. Siku moja anaruka na kuonana na wanaume hewani. Mbegu anayoipata siku hiyo anaitunza ndani ya kifuko cha mwili wake, nayo itamtosha miaka yote. Kisha anashuka, anajing'oa mabawa yeye mwenyewe, anachimba shimo, anajifungia gizani. Watoto wa kwanza anawalisha kwa nguvu ya mwili wake, kwa maana ile minofu iliyokuwa ikirusha mabawa inayeyuka polepole na kuwa chakula chao. Toka siku ile hataona jua tena. Malkia mmoja wa chungu mweusi wa Ulaya aliyefugwa na mtu aliishi karibu miaka 29.

Sasa tuangalie kichwa chake. Ubongo wa chungu ni mdogo kama punje ya mchanga, lakini ndani yake zimo seli za neva karibu 250,000. Ubongo wa mtu unazo karibu miliari 86. Ubongo wa chungu una sehemu zake: sehemu zinazopokea habari za macho, sehemu zinazopokea harufu kutoka vile vipembe viwili vya kichwani viitwavyo papasi, na katikati vitu viwili vyenye umbo la uyoga. Mfaransa Félix Dujardin aliviona hivyo vya uyoga mwaka 1850, akawaza kwamba hapo ndipo wadudu wanapotunza akili yao. Leo twajua kwamba hapo habari za macho na za harufu hukutana, na hapo mdudu hukumbuka njia.

Mwaka 2002, Glennis Julian na Wulfila Gronenberg walipima katika Marekani ubongo wa malkia wa aina mbili za chungu wa jangwani wanaookota mbegu. Waliwalinganisha malkia vijana, ambao hawajaruka bado, na malkia ambao wamekwisha kujifungia shimoni. Waliona kwamba ubongo wa malkia aliyejifungia umepungua, hasa katika sehemu za macho.

Sababu yake si vigumu kuifahamu. Ubongo ni kiungo kinachokula sana. Kwa mtu, ubongo ni karibu kilo 1 na nusu tu, na huku unakula sehemu 1 juu ya 5 ya nguvu ya mwili uliopumzika. Malkia aliye gizani hahitaji tena kuona njia, wala kumtambua adui, wala kukumbuka mti. Basi mwili wake hauendelei kulisha kisichotumika. Chakula kile kinakwenda kwa mayai.

Hapa swali letu la kwanza limejibiwa. Kama malkia angekuwa mtawala, anayejua yote na kuamuru wote, tungetazamia ubongo wake ukue siku anapopata cheo. Unapungua. Jina « malkia » ni jina ambalo watu wenye wafalme walilitia kwa mdudu. Lingefaa zaidi jina la « mama ».

III. Chungu wa India anayerudi nyuma

Uchunguzi wa ajabu kupita ule umefanywa kwa chungu mmoja wa India ya kusini, jina lake Harpegnathos saltator. Huyu ni chungu mrefu, mwenye macho makubwa, anayewinda peke yake na kumrukia mdudu anayemtaka. Watumishi wake wana uwezo ambao siafu wetu hawana: malkia akifa, mtumishi wa kawaida aweza kushika kazi yake ya uzazi.

Mambo huenda hivi. Malkia akifa, watumishi wengi wanaanza kupigana kwa papasi zao, kama watu wanaopigana kwa fimbo nyepesi, bila kuuana. Mashindano hayo yaweza kudumu hata siku 40. Wengine wanaacha na kurudi kazini. Wachache wanaoshinda wanaanza kutaga mayai, na mwili wao unageuka. Vifuko vya mayai vinakua mara tano. Sumu waliyokuwa wakiitumia katika uwindaji hawaifanyi tena. Maisha yao yanaongezeka: mtumishi huishi karibu miezi 7, lakini aliyeshinda aweza kuishi karibu miaka 4. Na ubongo wake unapungua karibu robo nzima.

Mpaka hapo ni sawa na habari ya malkia wa jangwani. Lakini Clint Penick na wenzake, katika habari waliyoitoa London mwezi wa 4 mwaka 2021, waliuliza swali jipya: je, ubongo uliopungua waweza kukua tena? Waliwatia alama washindi kadhaa, wakawatoa katika kundi, wakawatenga peke yao majuma machache. Katika upweke ule uzazi wao ulipungua. Kisha wakawarudisha. Wenzao walinusa mara moja kwamba hao si wazazi kamili wala si watumishi kamili, wakawakamata kwa meno na kuwashikilia. Baada ya hapo hao washindi waliacha kutaga kabisa. Walirudi kwa kazi ya kuwinda, wakafanya sumu tena. Na walipopimwa, ubongo wao ulikuwa umerudi kuwa sawasawa na ubongo wa mtumishi yeyote.

Kwa ndege wengine ilijulikana kwamba sehemu za ubongo hukua na kupungua kufuata majira ya mwaka. Kwa mdudu, jambo la kukua tena namna hii halikuwa limeonekana bado.

Ni kitu gani kinachogeuza ubongo ule? Mwaka huohuo wa 2021 wenye elimu wa chuo kikuu cha Pennsylvania, pamoja na Roberto Bonasio na Shelley Berger, walitoa sehemu ya jibu. Mwilini mwa chungu zimo homoni, yaani maji ya mwili yanayobeba habari toka kiungo kwenda kiungo. Homoni moja, iitwayo JH3, ni nyingi kwa watumishi. Nyingine, iitwayo 20E, ni nyingi kwa wazazi. Zote mbili zinatumia ndani ya seli za ubongo protini moja iitwayo Kr-h1, na kazi ya protini hiyo ni kufunga mlango. Kwa mtumishi inafunga mwenendo wa mzazi. Kwa mzazi inafunga mwenendo wa mtumishi. Maana yake ni kwamba ndani ya kila chungu mwenendo wa namna mbili umewekwa tayari tangu mwanzo, na homoni inaonyesha ni mlango gani ubaki wazi.

IV. Meno yenye zinki

Mambo haya ya ubongo yana mwenzake katika meno. Watumishi wote wa kundi hutumika kwa meno: wanakata, wanachimba, wanabeba, wanapigana. Mdudu mwenyewe ni mwepesi sana na minofu yake ni kidogo. Anapata wapi nguvu ya kukata jani gumu au ngozi ya mtu?

Tangu miaka mingi Robert Schofield wa chuo kikuu cha Oregon anachunguza jambo hili kwa chungu wakata-majani wa Amerika. Hao hawako kwetu, lakini meno yao yamechunguzwa kupita ya wengine. Alikuta kwamba ncha ya jino lao ina zinki nyingi, hata karibu sehemu 8 juu ya 100 za uzito wake. Zinki ni madini tunayoyajua katika Kongo: inachimbwa Kipushi katika Katanga, nayo ndiyo inayopakwa juu ya mabati ya nyumba zetu yasipate kutu. Chungu anayetoka sasa hivi katika utoto ana meno laini. Zinki inaingia siku zinazofuata, na kwa kadiri inavyoingia jino linakuwa gumu mara kadhaa kupita mwanzo.

Lakini zinki inakaaje ndani ya jino? Ili kulijua hilo, lazima kutazama kwa kipimo kidogo sana kiitwacho nanometa. Twaa milimeta 1 ya rula ya mwanafunzi, uigawe mara 1,000,000: kila sehemu ni nanometa 1. Katika nafasi hiyo hukaa atomu chache tu zilizopangwa mstari. Tusidhani kwamba kipimo hiki ni cha mbali nasi. Koltani inayochimbwa Rubaya, katika Masisi, hutoa madini ya tantali; na ndani ya vyombo vidogo vya tantali vilivyomo katika telefone, umeme hutunzwa na ngozi nyembamba ya oksidi ambayo unene wake haupiti nanometa mia chache. Watu wa Kivu ya Kaskazini wanachimba kwa koleo kile ambacho wengine wanakitumia kwa nanometa.

Mwaka 2021 Schofield na wenzake walichukua kipande cha jino la chungu, wakakichonga kiwe sindano nyembamba kabisa, wakakitia katika mashine inayong'oa atomu moja moja kwa nguvu ya umeme na kuandika kila moja imetoka wapi. Walikuta kwamba zinki haikukaa kwa punje. Imeenea sawasawa ndani ya protini, atomu kwa atomu, kama chumvi iliyoyeyuka katika mchuzi, na si kama mawe ndani ya saruji.

Tofauti hiyo ni kubwa. Meno yetu sisi watu ni magumu kwa sababu ya punje za madini ya kalisi. Punje ni ngumu, lakini huwezi kuchonga makali yaliyo membamba kupita punje zenyewe, maana zitavunjika na kuanguka. Mahali ambapo madini yameenea bila punje, makali yaweza kuwa membamba sana na kudumu. Wachunguzi hao walihesabu kwamba kwa makali hayo mdudu anaweza kukata kwa sehemu 60 juu ya 100 za nguvu ambayo ingehitajika bila hayo, au hata chini yake. Mwenye minofu kidogo amepewa panga kali. Madini ya namna hiyo, zinki au manganizi, yamo pia katika meno ya buibui na katika mwiba wa nge.

Lakini hata panga la zinki huchakaa. Mwaka 2011 Schofield na wenzake waliona kwamba chungu mzee, ambaye meno yake yamekwisha, hukata jani polepole kama nusu ya mwendo wa kijana, na kutumia nguvu mara mbili. Naye hafukuzwi. Anaacha kukata, anabeba majani ambayo wengine wamekata.

V. Sisi tunaofundisha, tuseme nini?

Kwanza, tuseme kweli juu ya chungu. Kundi la siafu si mfano wa utawala. Ndani yake hakuna amri wala utii, kwa sababu hakuna anayeamuru na hakuna anayeweza kukataa. Mtu anayetaka watu wamfuate bila kuuliza asichukue siafu kuwa shahidi wake. Kanisa linapotuomba utii, linaomba utii wa mtu mwenye akili, anayejua anamtii nani na kwa sababu gani, na ambaye dhamiri yake haikuzimwa.

Hapa Beni jambo hili si la vitabuni. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014 watu wengi sana wameuawa usiku katika vijiji na mashamba, na waliowaua walikuwa wametumwa na wengine. Siafu akiingia nyumba na kuua kuku hana kosa, maana mlango mmoja tu umefunguliwa ndani yake. Mtu aliyetumwa kuua hawezi kusema mbele ya Mungu kwamba alikuwa kama siafu. Tukifundisha watoto wetu kwamba utii mwema ni ule wa siafu, tunawapokonya neno ambalo siku moja litawapasa kulisema: hapana.

Pili, tumjibu yule kijana wa swali la roho. Tusimjibu kwa hasira, wala tusikatae mambo yaliyopimwa. Ubongo wa mtu nao hugeuka. Mwaka 2016 Elseline Hoekzema na wenzake waliwapima katika Uhispania wanawake kabla ya kuchukua mimba ya kwanza na baada ya kuzaa. Waliona kwamba sehemu fulani za ubongo zimepungua, na zilikuwa hivyo bado baada ya miaka miwili. Kumbukumbu ya akina mama hao haikuwa imeharibika. Tena mama ambaye ubongo wake uligeuka zaidi alikuwa ndiye aliyeshikamana zaidi na mtoto wake. Basi kupungua si sawa na kuwa mpumbavu. Mwanamume anayemcheka mke wake aliyejifungua kwamba « amepoteza akili » ajue hilo.

Kijana atasema: sasa unakubali kwamba homoni zinatuongoza! Tumwambie kwamba hilo halikuanza leo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba roho na mwili wa mtu si vitu viwili vilivyofungwa kwa kamba, bali ni mtu mmoja. Na aliona wazi kwamba kiungo cha kichwa kikiumizwa, mawazo nayo yanazuiwa. Papa Pius XII, katika barua yake Humani Generis ya mwaka 1950, aliwaachia wenye elimu uhuru wa kuchunguza asili ya mwili wa mtu, akashika kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Kwa hiyo kupima ubongo hakutuondolei kitu.

Padri Erich Wasmann, Myezwiti mwingine aliyezaliwa mwaka 1859 na kufa mwaka 1931, alitumia maisha yake yote kwa chungu na kwa wadudu wageni wanaokaa katika nyumba zao. Alikubali kwamba aina za wadudu zimegeuka katika nyakati ndefu, na mwaka 1907 alisimama Berlin mbele ya watu wengi kushindana na wale waliotaka kuondoa Mungu na roho kwa sababu hiyo. Alishika kwamba mnyama huongozwa na silika, na mtu ana akili. Tangu siku zake tumejua zaidi: chungu hujifunza, hukumbuka njia, hugeuza kazi. Lakini chungu wa India aliyerudi kuwa mtumishi hakujiuliza kama imempasa kurudi. Mtu husikia hasira, njaa, woga, tamaa, nazo zinatoka mwilini kweli. Kisha anaweza kuzitazama, kuzipa jina, kuzihukumu, na kutubu alipozifuata vibaya. Swali lenyewe la yule kijana ni ushuhuda. Hakuna homoni iliyomlazimisha kuuliza kama homoni zinamlazimisha.

Tatu, mifano iliyo ya kweli inatosha. Bwana wetu Yezu Kristu alifundisha kwa shomoro, kwa mbegu ya haradali, kwa chachu ya mama wa nyumbani, vitu ambavyo wasikilizaji wake waliweza kuviangalia wenyewe. Katika habari hizi za chungu mhubiri atapata vingi: yatima wa mlima Kenya waliopokelewa na wasio ndugu zao, mzee wa meno yaliyochakaa ambaye bado ana mzigo wake wa kubeba, mama anayewalisha watoto wa kwanza kwa minofu ya mabawa yake. Avitumie, lakini aseme wazi kwamba mdudu hafanyi hayo kwa upendo. Sisi ndio tunaoweza kuyafanya kwa upendo, na kwa hiyo tunaweza pia kukataa kuyafanya.

Neno la mwisho ni kwa waseminari. Padri Raignier hakungoja wengine wamwambie siafu ni watu gani. Alikwenda akatazama, akahesabu, akaandika. Katika mashamba ya seminari zetu siafu hupita kila majira ya mvua, na Butembo kuna chuo kikuu cha Kikatoliki cha Graben ambacho tangu mwaka 1989 kinafundisha vijana wa inchi hii, nacho kina walimu wa elimu ya kilimo. Mseminari achukue daftari, aandike siku na saa mstari unapopita, upande unakotoka na unakokwenda, vitu wanavyobeba, siku wanaume wenye mabawa wanapokuja kwa taa, na mvua iliyonyesha siku ile. Baada ya mwaka mmoja aipeleke daftari kwa mwalimu wake wa biolojia. Siku atakaposimama kuhubiri sura ya 6 ya Mithali, atakuwa amekwisha kwenda kwa chungu kama alivyoagizwa.